Anayepigiwa upatu si lazima ashinde: Lugha ya mashabiki wanapotabiri

Shabiki anapotabiri mshindi, mara nyingi hutuambia mengi kuhusu nafsi yake kuliko kuhusu mashindano yenyewe. Nilitafakari suala hili Septemba 2025, jiji la Kigali lilipoandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, ambayo hayakuwa yamewahi kufanyika Afrika. Mjadala ulikuwa mmoja tu: nani atashinda? Wengi walimtaja Tadej Pogačar wa Slovenia, wengine Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Mimi nilivutiwa zaidi na vitenzi walivyotumia.

Tuanze na msamiati. Wanahabari wetu husema mwanamichezo fulani “anapigiwa upatu”. Upatu ni chombo cha madini, mfano wa sahani, kinachopigwa ili kutoa mlio ngomani. Anayekipiga anashangilia, hapimi chochote. Kwa hivyo, nahau hii inachanganya mambo mawili: kukadiria uwezo wa mtu na kumpigia debe. Shabiki anayesema “namtabiria Evenepoel” huenda anamaanisha tu kwamba anampenda Evenepoel.

Kuna pia maneno manne tunayoyatumia kana kwamba ni pacha. “Kutabiri” tumelipata kutoka Kiarabu, ambako linahusishwa na kufasiri ndoto. “Kubashiri” lina undugu na “bishara”, yaani habari njema. “Kukisia” ni kupima kwa jicho. “Kubahatisha” ni kuiachia bahati kazi yote. Mkulima anayetazama wingu na kusema mvua itanyesha jioni anakisia. Anayechagua jina kwa kufumba macho anabahatisha. Mtu akituita tuamini kauli yake, tuna haki ya kumuuliza: bwana, unakisia au unabahatisha?

Sarufi nayo ina ngazi zake. Kiswahili kinamruhusu msemaji aonyeshe kiwango cha uhakika wake. Ngazi ya chini ni “huenda akashinda”. Juu yake kuna “atashinda”, kisha “atashinda tu”, ambapo hiyo “tu” hufunga mlango wa ubishi. Kisha shabiki huacha wakati ujao kabisa: “Leo anashinda.” Kileleni kuna ile kauli ya vijiweni, “Huyo ameshashinda, twendeni nyumbani!” Mbio hazijaanza, ila kitenzi kimeshavuka utepe. Wahenga walituonya tusikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Kiambishi “-mesha-” kinapotumiwa hivi hukata kanzu na kuishona pia.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuruka kutoka “hu-” hadi “-ta-”. “Hu-” huelezea mazoea, nayo “-ta-” huelezea jambo lijalo. Mfano wake tunaujua vizuri Wakenya. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alitwaa Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Ilipofika 2018, alikuwa ametoka tu kushinda Giro d'Italia. Hoja ya mashabiki wake ilikuwa nyepesi: Froome hushinda, basi Froome atashinda. Aliyeshinda ni Geraint Thomas, mwenzake wa timu moja, naye Froome akamaliza wa tatu. Mazoea ni ushahidi, nami sikatai, lakini hayana uwezo wa kutoa hukumu peke yake.

Kinachounganisha “hu-” na “-ta-” ni sharti, na sharti katika Kiswahili lina kiambishi chake, “-ki-”. Mbio za baiskeli zinakihitaji kuliko michezo mingi. Tour de France ina mikondo 21 katika wiki tatu, na mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake ni ndogo zaidi. Humo mna milima, upepo, ajali, pancha, na wenzake wa timu wanaomkinga kiongozi wao dhidi ya upepo. Mtabiri makini husema: “Asipoanguka, na timu yake ikimlinda milimani, Pogačar atashinda.” Kauli hii haina mbwembwe za kijiweni, lakini inaweza kuchunguzwa.

Mwaka 2020, Primož Roglič aliuanza mkondo wa 20 akiongoza kwa sekunde 57. Ulikuwa mkondo wa kila mtu kushindana na saa peke yake, na uliishia mlimani. Pogačar, kijana wa miaka 21, akampiku na hatimaye kutwaa taji kwa tofauti ya sekunde 59. Siku ile asubuhi, mtu angeweza kusema, “Roglič akichoka, angeshindwa”? La, hapo sarufi inakataa. Ama “akichoka, atashindwa”, ama “angechoka, angeshindwa”. Jioni ilibaki njia moja tu: “Asingalichoka, angalishinda.” “-nge-” huacha mlango wazi kidogo, ilhali “-ngali-” hulia nje ya mlango uliofungwa.

Turudi Kigali. Katika mbio za kupambana na saa, Evenepoel alimpita Pogačar barabarani, na kitenzi kikageuka mara moja: “Pogačar amekwisha!” Wiki moja baadaye, Pogačar huyo huyo akashinda mbio za barabarani za kilomita 267.5. Kwa upande wa wanawake, waliopigiwa upatu walitegeana, kila mmoja akisubiri mwenzake ajichoshe. Taji likamwendea Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache mno walikuwa wamemtaja.

Je, haya yote yana uzito gani kwa msomaji asiyejali baiskeli? Yana uzito mfukoni. Kamari imeingia katika simu za vijana wetu ikiwa imevaa vazi la “kubashiri”, neno lenye bishara ndani yake. Kijana anayeambiwa “hii ni uhakika, weka tu” anauziwa kubahatisha kwa bei ya kukisia, na huenda analipa kwa karo au kodi ya nyumba. Mwanasiasa naye husema “tumeshashinda” kabla ya kura hata moja kupigwa, na matokeo yakiwa tofauti wafuasi wake huhisi wameibiwa kitu ambacho hawakuwa nacho.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu tusifundishe “-ki-”, “-nge-” na “-ngali-” kwa ajili ya mtihani pekee. Mpe mwanafunzi utabiri wa mchezo aupendao, umwombe aandike sharti lake. Atakayekosa sharti la kuandika atakuwa amegundua, bila kupoteza hata shilingi, kwamba alikuwa anapiga upatu.