Kinachowaka Sheli ni Mvuke

Ukiingia sheli yoyote utakuta picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu, na madereva wengi wameshika hilo tu. Mtu anaificha simu yake huku injini ikiunguruma, na pampu ya pili bodaboda anajaziwa mafuta akiwa amekaa palepale kwenye kiti, abiria yuko nyuma yake. Simu ina kosa lake, kumpumbaza mtu asione anachofanya, kwa hiyo ikae mfukoni. Lakini taasisi ya Petroleum Equipment Institute ya Marekani ilikusanya kwa miaka mingi taarifa za moto uliozuka wakati wa kujaza mafuta, na haikupata hata tukio moja lililothibitika kuwashwa na simu. Ilichokikuta mara kwa mara ni cheche za umeme tuli, ule unaokurusha kidole ukigusa kitasa hewa ikiwa kavu.

Petroli ikiwa maji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Dizeli haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la nyuzi zaidi ya 50. Mafuta ya taa yanahitaji kama nyuzi 38. Petroli inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo kwa hali ya hewa yetu, kila kifuniko cha tangi kinapofunguliwa mvuke uko tayari. Ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha.

Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukapeperuka. Unashuka, unatambaa ardhini, unajaa mtaroni, chini ya magari na ndani ya buti, na mtu anaweza kuwa hatua nyingi kutoka kwenye mafuta yaliyomwagika akadhani yuko salama kumbe amesimama ndani yake. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka, watu kukimbilia kuchota, kisha moto kulipuka. Miaka tisa kabla yake, Sange nchini Kongo ilipoteza watu zaidi ya 200 kwa namna hiyohiyo. Sheli ina mvuke uleule, ila kwa kiasi kidogo, na kila siku.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni pikipiki. Tangi liko mbele ya mapaja ya dereva, injini iko chini yake kwa umbali wa shubiri moja, na ekzosi bado ina moto, haishikiki. Dereva anataka ayaone mafuta kwa macho, kwa hiyo mhudumu anajaza mpaka shingoni. Yakifurika, yanateremka ubavuni mwa tangi, yanadondokea injini ya moto na kugeuka mvuke papo hapo, katikati ya miguu ya mtu ambaye suruali yake imeshalowa. Abiria wa nyuma, pengine mama mwenye mtoto mgongoni, hawezi kuruka upesi. Abiria ashuke, dereva ashuke, injini izimwe, ndipo kifuniko kifunguliwe. Ningependa wahudumu walisimamie hili bila kuona haya na wenye vituo wawaunge mkono: asiyeshuka asijaziwe.

Kisha kuna madumu. Petroli inapopita kwenye mpira wa pampu inazalisha chaji za umeme. Kwenye gari chaji hizo hupungua kupitia matairi hadi ardhini, na nozeli nayo imeunganishwa na ardhi. Dumu likiwa juu ya kiti cha pikipiki au kwenye zulia la buti, chaji hazina pa kutokea. Zinalimbikana mpaka chuma cha nozeli kisogee karibu, na hapo ndipo cheche inaporuka, mdomoni kabisa mwa dumu, mahali mvuke ulipojaa. Dumu liwekwe chini sakafuni, nozeli iguse mdomo wake muda wote, mafuta yaingie polepole, na nafasi ibaki juu. Liwe dumu lililotengenezwa kwa petroli. Chupa ya maji na dumu la mafuta ya kula havifai. Na dumu lililobeba petroli lisitumike tena kwa mafuta ya taa, maana masalia kidogo tu yanatosha kulilipua jiko.

Wasomaji walio Marekani, ambako kwa kawaida dereva hujijazia mwenyewe, wana hatari yao. Mtu akirudi kukaa kwenye kiti wakati mafuta yanaingia, nguo zinasuguana na kiti na mwili unabeba chaji. Ukishatoka, gusa kwanza bati la gari mbali na tundu la tangi, ndipo ushike nozeli.

Ile "klik" ya nozeli nayo iheshimiwe. Kwenye ncha yake kuna tundu dogo, na mafuta yakiliziba, nozeli inajifunga yenyewe. Watu huongeza baada ya hapo ili hesabu ifike elfu kumi kamili. Petroli hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo lita 40 zilizotoka kwenye tangi la chini ya ardhi zinahitaji nafasi gari likiegeshwa juani.

Moto ukizuka kwenye tundu la tangi, usichomoe nozeli, maana utamwaga petroli inayowaka miguuni pako na kwa walio karibu. Iache hapohapo, toa watu ndani ya gari, ondokeni, mhudumu azime pampu kwa swichi ya dharura. Usimwage maji; petroli huelea juu yake na moto husambaa. Mtungi wa poda kavu au wa povu ndio wake, na kwa moto mdogo wa sakafuni, ndoo ya mchanga. Aliyemwagikiwa mafuta nguoni asikimbilie kuvua shati, kwa sababu kitambaa kikisuguana na mwili kinaweza kutoa cheche. Aloweshwe kwa maji mengi kwanza, avue, kisha aoge kwa sabuni. Nguo hizo zisianikwe jikoni.