Lualaba: Damu ya samaki yaweza kufichua uchafu wa mto kabla samaki hawajafa

Kwa wakaaji wengi wa Kolwezi, alama ya mto uliochafuliwa ni samaki waliokufa wanaoelea juu ya maji. Ndivyo ilivyoonekana pia katika mto Kafue, nchini Zambia, baada ya bwawa la taka za mgodi kupasuka huko Chambishi mwezi Februari 2025. Lakini mara nyingi sumu ya madini haiui samaki kwa siku moja. Inamdhuru polepole, naye anavuliwa, anauzwa sokoni na kuliwa.

Kuna kipimo kinachoweza kuonyesha madhara hayo mapema: kuchunguza chembe za damu ya samaki.

Chembe nyekundu za damu ya mtu, zikikomaa, hazina kiini. Za samaki zinacho, na ndani yake mna DNA. Metali nzito au kemikali zikiharibu DNA hiyo, chembe inapogawanyika kipande chake huachwa nyuma na kuunda kiini kidogo kando ya kile kikubwa. Wanasayansi hukiita maikronukleasi. Pengine kiini chenyewe huvimba upande mmoja, au chembe moja hubeba viini viwili.

Kazi yenyewe haihitaji mashine za bei kali. Tone la damu hutolewa mkiani, hupakwa juu ya kioo, hukaushwa na kutiwa rangi ya Giemsa, ileile inayotumiwa kupima malaria. Kisha chembe 1,000 au zaidi za kila samaki huhesabiwa kwa darubini. Tilapia na kambale ni kati ya samaki waliotumiwa sana kwa kipimo hiki barani Afrika.

Faida yake ni wakati. Chupa ya maji hueleza hali ya mto saa ile tu ilipojazwa. Taka zikimwagwa usiku, asubuhi huenda zimeshapita. Chembe zilizoharibika hubaki katika damu kwa siku kadhaa, hata wiki.

Huko Kolwezi, sababu ya kupima ipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikuta shaba na kobalti kwa wingi katika mito Luilu na Musonoi. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watoto wa mtaa wa Kasulo, penye uchimbaji wa mikono, walikuwa na kobalti nyingi mwilini pamoja na dalili za DNA kuharibika.

Hata hivyo, kipimo hiki hakitaji metali gani imeleta madhara, wala kampuni gani. Dawa za mashamba pia zinaweza kuharibu chembe. Ndiyo maana samaki wa chini ya mgodi hulinganishwa na wale wa juu yake, na maji na tope hupimwa pia.

Jambo hili lina uzito mbele ya sheria. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inamtaka mwenye haki ya kuchimba kufidia madhara ya kazi zake hata pasipo kosa lake. Lakini mvuvi anayedai fidia lazima kwanza aonyeshe kwamba madhara yapo. Hesabu ya chembe za samaki, ikifanywa kila msimu juu na chini ya mgodi, ingempa pa kuanzia.