"Pita Njia Yako!"

Dereva wa Dar es Salaam akimkuta mpanda baiskeli mbele yake kwenye Barabara ya Morogoro, kwanza hupiga honi, kisha hushusha kioo: "We, njia yako huioni? Pita njia yako!" Konda wa daladala husema hayohayo kwa maneno ambayo gazeti la nyumbani haliwezi kuyachapa. Na kweli njia ipo. Mradi wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, haukujenga barabara ya mabasi peke yake. Pembeni uliacha ukanda wa waenda kwa miguu na ukanda wa baiskeli, na sifa za kazi hiyo zilichangia jiji kupewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Ukiutazama mchoro wa mradi, mpanda baiskeli wa jiji hili hana cha kulalamikia.

Sasa itazame njia yenyewe jioni, pale Manzese, watu wakitoka kazini. Pikipiki za kijiwe zimejipanga mdomoni mwake, dereva mmoja amelala chali juu ya tangi la mafuta. Mbele yao fundi amelaza friji na kulifungua matumbo. Inafuata Noah iliyopandishwa juu ya ukingo, mwenyewe yumo dukani "dakika mbili tu", halafu meza ya machungwa, halafu jiko la mama lishe. Ukivuka hapo unakuta kipande kilicho wazi kabisa, safi, nacho ndicho cha hatari kuliko vyote, kwa sababu bodaboda anayekimbia foleni amekiona pia na anakuja mbio kutoka upande wa pili huku akitaka apishwe. Mwenye baiskeli anakata shauri. Anarudi barabarani, mbele ya gari la yule aliyemfokea.

Tumezoea kuuita huu ugomvi wa wenye magari na wenye baiskeli. Mimi naona jina hilo linawaficha wengine wengi, na linaficha jambo baya zaidi. Kabla ya 2016 mpanda baiskeli wa Barabara ya Morogoro alikuwa na haki ya kuwa barabarani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Dereva alimchukia, lakini hakuwa na hoja. Leo anayo. Njia ya baiskeli imempa dereva neno la kusema bila kumpa mpanda baiskeli mahali pa kupita, na akigongwa, swali la kwanza litakaloulizwa na wapita njia si gari lilikuwa na mwendo gani. Wataulizana alikuwa anafanya nini huko barabarani.

Inafaa tukumbuke ni nani hasa anayepanda baiskeli mjini hapa, maana si kijana wa mazoezi ya asubuhi mwenye kofia ngumu na suruali ya kubana, ingawa naye yupo, hasa Masaki na Oysterbay, na anaheshimiwa kidogo kwa sababu baiskeli yake ni ghali. Wengi ni watu walio kazini. Ni muuza mkaa aliyefunga magunia mpaka yeye mwenyewe haonekani kwa nyuma. Ni muuza samaki aliyetoka Feri na tenga lake kabla barafu haijayeyuka. Yumo mnoa visu ambaye baiskeli ndiyo mashine yake ya kunolea, na mlinzi wa usiku anayerudi Mbezi alfajiri kwa sababu nauli mbili kwa siku zinamaliza mshahara. Kwa watu hawa upana wa njia ni suala la riziki. Baiskeli ya mkaa haipiti katikati ya nguzo fupi za zege zilizowekwa kuzuia magari. Haipandi ukingo wala haifungi breki ghafla. Mchoraji aliyewaza baiskeli tupu yenye mtu mmoja mwepesi alichora njia ya watu ambao si wengi Dar.

Bodaboda ndiye anayetukanwa na pande zote mbili, na hesabu yake haijulikani vizuri na wanaomtukana. Kazi hii ilianza kwa baiskeli. Mpakani mwa Kenya na Uganda, kule Busia, watu walibebwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli miaka mingi kabla ya pikipiki za Kichina kufurika. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, na kufikia hapo pikipiki zilikuwa zimekwishaingia mjini zenyewe. Kwa hiyo aliyeiziba njia ya baiskeli ni mjukuu wa mpanda baiskeli. Mwendokasi nao ulimwongezea sababu ya kukaa pale. Abiria anashuka kituoni Kagera au Shekilango, nyumbani bado ni mbali, daladala ya kuingia ndani haipo au imejaa. Anayemsubiri ni bodaboda, naye lazima asubiri mahali abiria atakapomwona. Kituo cha basi kikajengwa, abiria wakaletwa, kijiwe cha pikipiki hakikutengewa hata mita kumi. Kilijitafutia. Ukanda wa karibu kabisa ulikuwa ule wa baiskeli.

Wenye magari nao wana yao, na si yote ya uongo. Wapo wapanda baiskeli wanaokuja uso kwa uso na magari. Usiku wengi hawana taa hata ya tochi ya simu. Kwenye mataa ya Magomeni nyekundu kwao ni pambo. Nimewahi kuendesha gari barabara ile mvua ikinyesha, na mtu mwenye shati jeusi juu ya baiskeli nyeusi anakutoa jasho. Lakini dereva anayelaumu utovu wa sheria ndiye huyohuyo ambaye foleni ikikaza hutanua, na akitanua hutanua upande walipo watu wa miguu na baiskeli. Tena makosa haya mawili hayalingani uzito. Baiskeli ikimparamia mtu, mara nyingi wote wawili wanainuka na kuanza kutukanana. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa huongezeka mara 4.5 gari linalomgonga likiwa na mwendo wa kilomita 65 kwa saa badala ya 50. Kikomo chetu mijini ni 50. Usiku, Morogoro ikiwa nyeupe, nani anakwenda 50?

Mahali penyewe panapoua si katikati ya njia, ni pale inapokatika. Kwenye makutano mpanda baiskeli anashushwa barabarani, anavuka, kisha anatarajiwa apande tena ng'ambo ya pili. Sisi tunapita kushoto, hivyo gari linalokata kushoto linakatiza mbele ya mtu anayekwenda moja kwa moja, na dereva wa lori, juu kule alikokaa, hamwoni. Mjenzi anayejali huinua kivuko kiwe sawa na njia ya baiskeli ili gari ndilo lipande na lipunguze mwendo. Kwetu gari linateleza, baiskeli ndiyo inayopanda na kushuka. Matokeo yake wapo waliochagua katikati, njia ya mabasi yenyewe, ambayo ni laini, haina mama lishe wala Noah. Basi lile ni refu na halina pa kukwepea.

Kule Toronto, Kanada, ugomvi kama huu ulifika mahakamani. Serikali ya jimbo la Ontario ilitunga sheria mwaka 2024 ya kung'oa njia za baiskeli katika barabara tatu kubwa, Bloor, Yonge na University, ikidai zinaleta foleni. Julai 2025 jaji wa jimbo akaamua kwamba kuzing'oa kungehatarisha maisha ya watu na kungevunja haki yao ya kikatiba. Ukisoma kisa hicho ukiwa Ubungo unacheka kidogo. Wenzetu wanahitaji sheria, matingatinga na mawakili ili kuiondoa njia ya baiskeli. Sisi tunaiondoa kwa kuegesha.

Nairobi hali si tofauti sana. Kaunti ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Miaka saba baadaye kilichofunguliwa kwa shangwe kilikuwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, ambayo baiskeli haikanyagi.

Hapa kwetu Oktoba 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara za jiji, na kwa muda njia nyingi zikaonekana tena. Zoezi lile lilikuwa na machungu yake, na sitaki kulisifu kwa sababu tu baiskeli zilipata pumzi. Ninachosema ni kwamba nafasi iliyoachwa na meza za maskini haikukaa tupu. Gari la mwenye duka liliingia, na gari halihamishwi kwa rungu.

Ukiuliza nani wa kulihamisha, utazungushwa. Barabara kuu ni ya TANROADS. Ada za maegesho hukusanywa na TARURA. Wafanyabiashara wa kando ni wa halmashauri, pikipiki ni za trafiki, mabasi ni ya DART. Dereva akiingiza gari kwenye njia ya mwendokasi anajua kuna askari mbele, na wengi wamekwishalipa faini wakajifunza. Akilipandisha juu ya njia ya baiskeli anajua vilevile, kwamba hakuna.

Sasa mwendokasi unakwenda Mbagala, kilomita 20.3 kwa Barabara ya Kilwa, njia ambayo muuza mkaa na muuza muhogo wameizoea tangu zamani. Katika kila kituo abiria watashuka, na bodaboda watakuwa wanawangoja. Mahali pa kupanga pikipiki zao, mita chache ndani ya mtaa wa pembeni, pakiwa na kivuli na bango, hapadai gharama kubwa. Ofisi yoyote kati ya hizo tano inaweza kuanza kesho, bila kungoja nyingine nne.