Kuondoa Dinamo na Kufunga Alteneta

Land Rover za miaka ya 1960 bado zinaonekana vijijini. Zinabeba mbolea, mahindi, hata wagonjwa. Lakini usiku gari likikosa chaji, mgonjwa atafikaje?

Magari hayo yalitengenezwa na dinamo. Wengi tunaijua dinamo ya baiskeli. Ukienda polepole, taa inafifia. Dinamo ya gari nayo ina shida hiyo: injini ikizunguka polepole, betri haipati chaji. Dinamo ya Lucas C40 hutoa ampea 22 tu. Alteneta ya Lucas 16ACR hutoa ampea 34, tena huchaji hata gari likiwa limesimama linanguruma. Land Rover Series III, iliyotoka mwaka 1971, ilikuja na alteneta. Basi, gari la zamani pia laweza kufungwa alteneta.

Jambo la kwanza ni ethi. Ethi ni ule waya wa betri unaofungwa kwenye bodi. Kwenye Land Rover nyingi za kabla ya 1967, waya huo hutoka upande wa chanya (+). Alteneta hii inataka hasi (–) iende kwenye bodi. Ukikosea hapo, mara moja alteneta inaungua ndani, na fedha imepotea.

Haya, twende hatua kwa hatua, tukichukua gari la petroli:

1. Zima gari. Fungua nyaya zote mbili za betri. Usifanye kazi betri ikiwa imeunganishwa.

2. Tazama ethi. Kama ni chanya, geuza betri ili hasi iende kwenye bodi. Usifunge waya bado. Kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, kwa hiyo tamino za nyaya itabidi zibadilishwe. Badilishana pia nyaya mbili ndogo za koili. Kama kuna redio ya zamani, iondoe kwanza.

3. Toa dinamo, funga alteneta. Puli yake ikae sawasawa na puli nyingine, la sivyo mkanda utalika.

4. Pitisha waya mpya mnene kutoka tamino kubwa ya alteneta hadi chanya ya betri. Karibu na betri weka fyuzi ya ampea 50. Waya mwembamba utapata moto, na gari laweza kuungua.

5. Nenda kwenye katauti, kile kisanduku kinachoongoza chaji ya dinamo. Katauti ya Lucas RB106 ina herufi A, A1, F, D na E. Haitumiki tena, kwani alteneta inajiongoza yenyewe. Toa nyaya zake. Unganisha za A na A1 pamoja, kaza, funika kwa utepe.

6. Waya mwembamba wa D unatoka kwenye taa ya chaji. Uunganishe na waya wa F uliokuwa unakwenda kwenye dinamo. Ncha yake ya pili ifunge kwenye tamino ndogo ya alteneta iliyoandikwa IND. Waya mnene wa D hauna kazi tena. Funika ncha zake zote mbili.

7. Rudisha nyaya za betri. Waya wa ethi uwe wa mwisho.

Sasa jaribu. Fungua ufunguo: taa ya chaji iwake. Washa injini: taa izimike. Pima betri kwa mita ya volti, upate karibu 14. Mita ya ampea ya zamani haitaonyesha tena chaji, usiitegemee.

Taa ya chaji si pambo. Umeme unaopita kwenye balbu yake ndio unaoiamsha alteneta. Balbu ikiungua, chaji yaweza kukosekana.

Tena tukumbuke: tusitoe waya wa betri injini ikiwa inazunguka. Kwenye dinamo mafundi walizoea kufanya hivyo ili kuipima. Kwenye alteneta, mchezo huo unaiua. Tumwambie na dereva wetu.