Kwa nini besi ya wimbo inakoroma makusudi

Mzee mmoja wa Mgeta ametuandikia ujumbe. Kijana wake yuko Morogoro mjini, anatengeneza biti kwa kompyuta, na kila wimbo anaomtumia besi yake inakoroma kama spika iliyopasuka. Akimuuliza, anajibiwa kwamba ndivyo inavyotakiwa, kwamba hiyo ni programu inayoiga mashine ya zamani pamoja na kasoro zake. Sasa kijana anaomba pesa anunue mashine yenyewe. Mzee anauliza: hapa sidanganywi?

Kuhusu kukoroma, hudanganywi mzee wetu. Kuhusu pesa, subiri kwanza.

Mashine inayoigwa sana ni TR-808, mashine ya ngoma iliyotengenezwa na kampuni ya Roland ya Japani kuanzia 1980 hadi 1983. Zilitoka kama 12,000 tu. Wengi waliidharau kwa sababu haikulia kama dramu za kweli. Ndani yake Roland waliweka transista zilizokataliwa kwa kutofikia kiwango, maana mchakato wake mbovu ndio uliotoa sauti waliyoitaka. Viwanda vilipoboresha transista, zile mbovu zikakosekana na mashine ikakoma. Vijana wa hip hop Marekani wakazinunua kwa bei ya mitumba, na besi ile ikasafiri hadi kwenye Bongo Fleva. Leo mashine moja nzima huuzwa kwa maelfu ya dola.

Kuiiga si kuirekodi tu. Pigo lililorekodiwa hutoka lilelile kila mara, lakini kwenye mashine yenyewe ukipiga la pili kabla la kwanza halijaisha kuvuma, umeme uliobaki hukutana na mpya na sauti hubadilika. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa kazi iliyopiga hesabu ya saketi ya besi hiyo sehemu kwa sehemu, hadi umeme unaovuja kwenye transista. Kompyuta huzirudia hesabu za namna hiyo maelfu ya mara kwa sekunde.

Ugonjwa mwingine wa mashine za zamani watu wa Uluguru wanaujua bila kuziona. Ukungu ukishuka, ngozi ya ngoma hulegea, mnaipasha moto ndipo ilie. Minimoog, kinanda cha umeme cha 1970, nacho sauti yake ilihama kadiri kilivyopata joto, na wapigaji walikereka. Leo programu zinauweka uhamaji huo makusudi, kidogo sana, kwa sababu sauti mbili zisizolingana kabisa zikilia pamoja husikika nene.

Turudi kwenye kukoroma. Besi ya 808 ni kama mitetemo 50 kwa sekunde. Spika ya simu, ndogo kama ilivyo, haiwezi kuisukuma hewa hivyo, kwa hiyo besi safi kabisa inapotea. Ukiichafua, inazaa sauti za juu yake: 100, 150, 200 na kuendelea. Hizo za juu simu inaweza kuzitoa, na sikio likizisikia kwa mpangilio huo linajaza lenyewe ile ya chini ambayo haipo. Prodyuza anayejua kazi anamfikiria msikilizaji aliye shambani na simu kwenye mfuko wa shati.

Kasoro moja naona imezidi: mikwaruzo ya santuri inayobandikwa juu ya nyimbo mpya. Kwenye santuri za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz mikwaruzo ililetwa na vumbi na sindano. Wao walijitahidi kupata sauti safi.

Kuhusu pesa, kijana hahitaji mashine. Zipo programu za bure, mfano Dexed, inayoiga kinanda cha Yamaha DX7 cha 1983. Ina sehemu ya kuchagua: sauti iliyosafishwa, au ile inayokaribia ukali wa kinanda chenyewe. Na wewe mzee, usikilize wimbo wake mara mbili, kwanza kwa spika ya simu, kisha kwa spika kubwa. Ikikoroma hadi maneno hayasikiki kwenye zote mbili, mwambie apunguze.