"Tumbo inawaka": milango ya asidi iko wapi?

Kila paye tunasikia neno moja kwa wenzetu wa shimo: "Tumbo inawaka." Mtu anashuka kazini asubuhi bila kula, mgongo unamuuma, anameza dawa ya maumivu pa tumbo tupu. Mwenzetu mmoja alifanya vile miezi mitatu. Pa dispanseri walimpa vidonge vya asidi tu, bila kumpima. Siku moja akatapika damu, tukamkimbiza lopitalo. Njo sababu siye wa sendika tuliuliza waganga: asidi ile, nani anaiamuru?

Jibu lilitoka kwa wanyama wa labo. Mu 1921, Otto Loewi, kule Austria, alionyesha kwa mioyo ya vyura kama neva inatuma amri kwa kumwaga kitu cha kemia. Leo tunakiita asetilkolini. Neva ileile, vagus, inateremka toka kichwa mpaka tumbo.

Lakini amri inaingilia wapi? Wataalamu walikata tumbo la panya vipande vyembamba sana, wakavitia dawa yenye alama ya mionzi, ile inayoshika milango ya asetilkolini. Wakalaza vipande juu ya filamu. Pale filamu iligeuka nyeusi, njo pale milango iko. Baadaye, panya wadogo waliozaliwa bila mlango mmoja, M3, walitoa asidi kidogo kuliko wengine.

Neva haiko peke yake. Mu 1972, James Black na wenzake kule Uingereza walionyesha kwa wanyama mlango mwingine, H2, wa histamini. Toka pale ikatengenezwa simetidini, ya kufunga mlango ule. Kule Uingereza ilianza kuuzwa mu 1976, na mu 1988 Black akapata Nobel.

Basi, ndugu, kidonge kinapunguza moto, lakini hakiondoi sababu. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walionyesha kama vidonda vingi vinaletwa na mikrobi, Helicobacter pylori. Ile inataka antibiotiki za munganga. Na dawa za mgongo kama diklofenaki zinaharibu ngozi ya ndani ya tumbo.

Mama, kama baba anaenda choo cheusi kama lami, ao anatapika damu, musingojee paye: lopitalo siku ileile. Na siye tutaendelea kudai pa kazi: mufanyakazi apimwe mikrobi kwanza, asirudishwe shimoni na kidonge tu.