Mswahili si jina la dini

Kuna neno ambalo likivuka mpaka hubadilika maana. Kule Kigoma, ukimwita mtu Mswahili huenda unamaanisha mtu wa pwani, au mjanja mwenye maneno mengi. Hapa Rumonge, kwa watu wengi, Mswahili ni Mwislamu.

Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tumelijua hilo kwa shida. Mwaka jana nilishuhudia posa ikikaribia kuvunjika. Wazee wa upande wa kijana walimsikia binti akizungumza Kiswahili cha Mishamo, nilikosoma na mimi, wakasimamisha mazungumzo ya mahari wakidai wamefichwa kuwa ni Mwislamu. Binti huyo amezaliwa katika familia ya Kipentekoste. Ilibidi mzee wa kanisa aje kueleza.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni cha zamani. Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waislamu wa Ujiji walileta Kiswahili na Uislamu pamoja kwenye mwambao huu. Wamisionari Wakatoliki walifika Rumonge mwaka 1879, lakini watatu wao waliuawa mwaka 1881 na kituo kikaachwa. Hivyo lugha na dini vikabaki ndani ya jina moja.

Elimu ya dini inatufundisha kutenganisha mambo hayo. Msomi wa Kanada, Wilfred Cantwell Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alisema neno "dini" linachanganya vitu viwili: imani iliyo moyoni mwa mtu, na mapokeo yanayorithiwa kizazi hadi kizazi.

Sisi Warundi tunaweza kumwelewa. Neno "idini" tumeliazima kwa Kiswahili, nacho kililitoa kwa Kiarabu. Kabla yake wazee wetu walimtaja Imana na kufanya ibada za Kiranga. Leo Wakristo wanamwomba Mungu kwa jina lile lile, Imana, ingawa ibada ni nyingine kabisa. Jina likibaki, si lazima yaliyomo yabaki.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara unayetoka Kagunga na wewe uliyerudi nyumbani, tuulize kila jambo kwa neno lake: lugha, imani, mila. Na kama shida yako ni mkopo wa ndagala, uliza kama mtu hulipa. Jina la Mswahili halitakujibu hilo.